Askofu Frank Weston na Wapagazi wa Vita

1. Njia ya Mikese

Mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya reli ya zamani iendayo Dar es Salaam, pana mahali paitwapo Mikese. Ukisimama hapo na kutazama kusini utaiona milima ya Uluguru, na mara nyingi vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Kutoka Mikese iko njia inayoizunguka milima hiyo upande wa mashariki, nayo huvuka mto Ruvu, ikafika Tulo na Duthumi, kisha ikashuka mpaka mto Mgeta na nchi ya tambarare iliyo mbele yake.

Leo msafiri huipita njia hii bila kuona jambo la ajabu. Lakini katika miaka ya 1916 na 1917 njia hii ilijaa watu, mchana kutwa, na kila mtu ana mzigo kichwani. Hawakuwa askari, wala hawakuwa na bunduki. Wengi wao hawakujua hata asili ya ugomvi ule uliowatoa makwao. Hao ndio wapagazi wa vita. Wengine walirudi kwao, na wengine walianguka njiani wakazikwa papo hapo, pasipo jiwe wala jina.

Habari tutakayoisoma ni ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa katika nchi hii, wala vita vyake havikuwa katika milima ya Uluguru. Jina lake ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Lakini tukiyasoma maisha yake tutafundishwa swali ambalo kila jeshi la dunia hapana budi kulijibu: watu wakichukuliwa kwenda vitani, ni nani atakayewaangalia wale walio chini kabisa? Na wakionewa, ni nani atakayethubutu kusema?

2. Kijana wa London

Frank Weston alizaliwa kusini ya mji wa London tarehe 13 Septemba, 1871. Baba yake alikufa Frank angali mtoto, akalelewa na mama yake. Alisoma shule ya Dulwich, kisha akaenda Oxford, katika chuo cha Trinity. Mwaka 1893 alishinda mtihani wa elimu ya dini katika daraja la kwanza. Watu walidhani kwamba atakaa pale pale awe mwalimu mkuu wa chuo, ale raha na kuheshimiwa. Yeye hakutaka.

Alikwenda kufanya kazi Stratford, mashariki ya London, mahali pa watu maskini. Huko aliona jinsi watu wafanyao kazi nzito wanavyoweza kuishi katika nyumba mbovu na kula chakula haba, hali matajiri wakaao mwendo wa saa moja tu hawajui habari zao. Mwaka 1898 alisafiri kuja Unguja pamoja na Misheni ya Vyuo Vikuu.

Katika Unguja ya siku zile habari za utumwa zilikuwa bado mbichi. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe katika Unguja ilikuwa imetoka mwaka 1897, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Weston kufika. Walikuwapo wazee wengi waliokuwa wameletwa kutoka bara wakiwa watoto, na waliweza kuonyesha makovu yao. Weston aliwasikiliza. Alijifunza Kiswahili kwa bidii hata akaweza kuhubiri na kufundisha kwa ufasaha, na aliposema na watu hakuhitaji mkalimani. Jambo hili si dogo. Mtu asiyeijua lugha ya watu husikia yale tu ambayo mkalimani amependa ayasikie.

Kwanza alifundisha wanafunzi wa kazi ya upadre huko Mazizini. Toka mwaka 1901 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, ambacho hapo mwanzo kilikuwa cha watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1908 akafanywa Askofu wa Zanzibar. Watu wake hawakuwa wa Unguja tu. Wengi walikaa barani, katika nchi ya Wabondei na Wazigua na kusini hata mpaka wa Wareno, naye alikwenda kuwatazama kwa miguu, mwendo wa siku nyingi.

Alikuwa mtu mwenye moyo wa huruma, lakini pia alikuwa mkali na mwepesi wa kubishana. Mwaka 1913 aliwashitaki maaskofu wenzake wawili kwa shauri la mambo ya kanisa, na habari hiyo ikavuma hata Uingereza. Wengine walimwona mkorofi. Tukumbuke tabia yake hii, maana ndiyo iliyokuja kuwafaa watu wasiokuwa na sauti. Hakuwaogopa wakubwa.

3. Vita vyaingia nchini

Mwezi wa Agosti, 1914, vita vikuu vilianza Ulaya, na kwa kuwa mataifa ya Ulaya yalikuwa yamegawana nchi za Afrika, moto ukaruka ukafika huku. Bara ya Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Unguja na Kenya zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo watu wa Askofu Weston wakatengwa pande mbili. Yeye alikuwa Unguja, na Wakristo wake wengi wakabaki bara chini ya adui wa taifa lake. Wamisheni wa Kiingereza waliokuwa bara walikamatwa wakafungwa. Mapadre na walimu Waafrika nao walikamatwa kwa kushukiwa kuwa marafiki wa Waingereza, na wengine wakateswa na kufanyizwa kazi ya kuchukua mizigo.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 Jemadari Jan Smuts, Kaburu wa Afrika ya Kusini, alishika amri ya majeshi ya Waingereza. Akaanza Kilimanjaro, akashuka kwa njia ya mto Pangani, akapita Handeni, na tarehe 26 Agosti, 1916, majeshi yake yakaingia Morogoro. Alitumaini kumzingira Jemadari von Lettow-Vorbeck hapo na kuvimaliza vita. Lakini Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka. Walijitenga wakazunguka milima ya Uluguru wakashika njia ya Kisaki, na vita vikaendelea kusini mpaka mwezi wa Novemba, 1918.

4. Hesabu ya mzigo

Labda mwanafunzi atauliza: Kwa nini wapagazi walihitajiwa wengi namna ile? Je, hapakuwa na ng'ombe, farasi na magari?

Walikuwapo. Lakini ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Magari nayo yalizama katika matope mvua ziliponyesha, na nchi iliyo kati ya Uluguru na mto Rufiji hufurika maji katika masika. Basi palipokufa mnyama na kukwama gari, alitafutwa mtu.

Na sasa tufanye hesabu. Tuseme mpagazi mmoja huchukua mzigo wa unga wa ratili 50, naye hula ratili 2 kila siku. Akitumwa mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, atakula ratili 40. Kwa hiyo atafikisha ratili 10 tu kwa askari wanaongoja mbele. Na kama safari ni ya siku 13 kwenda na siku 13 kurudi, mpagazi atakula mzigo wote, asifikishe kitu, hata apungukiwe ratili 2 za chakula chake mwenyewe.

Hesabu hii kila ofisa aliijua. Kila jeshi lilipokwenda mbali zaidi na reli, wapagazi waliongezwa, na chakula kilizidi kuwa haba. Hapo ndipo jaribu kubwa lilipoingia. Ofisa aliyeamriwa kufikisha unga kwa askari, naye hana unga wa kutosha, ataupata wapi? Ataupunguza katika posho ya mpagazi. Na blanketi la pili, na sufuria ya kupikia, na siku ya kupumzika, vyote ni vitu vinavyochelewesha safari. Ofisa huyo pengine si mtu mbaya. Lakini ameamriwa kushinda, hakuamriwa kumrudisha mpagazi nyumbani akiwa hai. Na yeye ndiye mtoa amri, na ndiye mtoa posho, na ndiye mwandika taarifa. Mpagazi akilalamika, atamlalamikia yule yule aliyempunguzia.

Matokeo yake yalikuwa mabaya sana. Watu waliozoea ndizi, au mtama, au wali, walipewa unga wa mahindi ambao hawakuuzoea, nao wakauchemsha upesi upesi kwa kuni mbichi katika mvua. Unga usioiva ukaumiza matumbo yao. Wakapatwa na kuhara damu. Watu wa milimani waliteremshwa katika nchi ya joto na malaria, na watu wa pwani wakapandishwa katika baridi bila nguo nzito, wakashikwa na kichomi. Funza na vidonda viliharibu miguu yao, na mpagazi asiye na miguu amekwisha. Wengi mno waliuawa na maradhi na njaa, na wachache tu waliuawa kwa risasi.

Wadachi nao walikuwa na wapagazi wao, wanaume na wanawake pia, na walipokuwa wakirudi nyuma waliwachukua watu wa kila nchi waliyoipitia, na chakula chao pia. Waluguru hawakusalimika na upande wowote. Mwenye ghala alinyang'anywa, na mwenye nguvu alibebeshwa.

5. Askofu avaa nguo za jeshi

Katikati ya mwaka 1916 jeshi lilihitaji wapagazi kutoka Unguja. Habari za kazi ile zilikuwa zimekwisha kuenea, na watu waliogopa kuchukuliwa na wageni wasiowajua, kupelekwa mahali wasipopajua, kwa muda usiojulikana. Askofu Weston aliona kwamba watu watakwenda, watake wasitake. Kama ni hivyo, heri waende pamoja na mtu anayewajua. Akajitoa mwenyewe kuwakusanya na kuwaongoza. Jeshi likampa cheo cha Meja, na kikosi chake kikaitwa Kikosi cha Wapagazi wa Zanzibar. Watu waliposikia kwamba Askofu mwenyewe atakwenda, wakaja.

Wakavuka bahari, wakafanya kazi pamoja na majeshi ya pwani yaliyokuwa yakiukaribia mji wa Dar es Salaam, ambao ulitekwa tarehe 4 Septemba, 1916. Askofu alikwenda kwa miguu pamoja na watu wake. Alijua lugha yao, kwa hiyo mtu mwenye homa aliweza kumwambia mwenyewe kwamba ana homa. Jemadari alimtaja kwa sifa katika taarifa yake ya vita, na baadaye mfalme wa Uingereza akampa nishani.

Kumbe, mtu atasema, Weston naye alikuwa ofisa wa jeshi! Ndiyo, na hatuwezi kusema kwamba alikuwa mtu wa nje kabisa. Lakini tofauti ilikuwapo. Ofisa wa kawaida hutazamia kupandishwa cheo na mkubwa wake, kwa hiyo huogopa kumchukiza. Weston hakutazamia cheo chochote jeshini. Riziki yake haikutoka huko, na vita vikiisha angerudi kuwa Askofu kama zamani. Mtu wa namna hiyo aweza kumwambia mkubwa neno la kweli pasipo kutetemeka.

6. Wale wasiokuwa na Askofu

Wapagazi wa Unguja walikuwa sehemu ndogo tu ya wapagazi wote. Je, wale waliokuwa Mikese, Tulo, Duthumi na Kisaki waliangaliwa na nani?

Ilikuwako idara ya jeshi ya kusimamia wapagazi, na mkuu wake alikuwa Oscar Watkins, Mwingereza aliyekijua Kiswahili vema. Huyu alifanya kazi ya maana. Aliwaandikisha watu katika daftari, akampa kila mmoja kibati chenye namba, ili ijulikane ni nani na anadai mshahara gani. Mara nyingi aliwaeleza wakubwa kwamba posho ni mbaya na kwamba watu wanachoshwa mno. Lakini yeye alikuwa chini ya amri ya wale wale aliowalalamikia. Walipoona kwamba ushindi u karibu, hawakutaka kungoja. Mwaka 1917, badala ya kupunguza mizigo, jeshi likaagiza watu wengine wengi zaidi, na kukusanywa kwao katika Kenya kukasimamiwa na John Ainsworth.

Mwanzo wa mwaka 1917 mvua kubwa ziliharibu njia ya kutoka Mikese kwenda Rufiji. Hata askari waliokuwa mbele walipungukiwa na chakula wakachimba mizizi porini. Kama askari mwenye bunduki alichimba mizizi, mwanafunzi aweza kujiambia mwenyewe mpagazi alikula nini.

Mwaka ule ule Serikali ya Uingereza ilituma waganga wawili wakuu kuja kuchungua habari za afya na usafi katika majeshi ya huku. Mmoja ni Jemadari W. W. Pike, na wa pili ni Andrew Balfour, mganga maarufu wa maradhi ya nchi za joto. Wao pia walikuwa na vyeo vya jeshi, lakini hawakuwa chini ya majemadari waliokuwa wakivipiga vita hivi, na hiyo ndiyo iliyowafungua vinywa. Katika taarifa yao ya mwaka 1918 waliyalaumu waziwazi matengenezo ya waganga na ya usafi. Taarifa hiyo ilikuwa nzuri, ila ilichelewa. Watu wengi waliopaswa kuokolewa nayo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Upande wa Waingereza peke yake watu wapatao milioni moja walifanywa wapagazi, kwa muda mrefu au mfupi. Wanahistoria wengi wanakadiri kwamba waliokufa walikuwa karibu 100,000, na wengine wanazidisha hesabu hiyo.

7. Askofu alilaumu taifa lake

Mwaka 1918 Askofu Weston alichapisha barua ya wazi kwa Jemadari Smuts, yule yule aliyeiteka Morogoro. Katika barua hiyo alieleza jinsi Wadachi walivyowatesa Waafrika, akaomba nchi hii isirudishwe mikononi mwao. Waingereza wengi waliifurahia barua hiyo. Kumlaumu adui ni kazi rahisi, na kila mtu hupiga makofi.

Lakini Weston hakukomea hapo. Katika Kenya gavana mpya alikuwa Edward Northey, naye alikuwa jemadari aliyepigana katika upande wa kusini wa nchi hii wakati wa vita. Mwezi wa Oktoba, 1919, serikali yake ilitoa barua kwa maofisa wote ikiwaagiza wawahimize Waafrika, kwa njia ya machifu wao, waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Aliyetia sahihi barua hiyo alikuwa John Ainsworth, yule aliyesimamia kukusanywa kwa wapagazi mwaka 1917. Kila mtu alijua maana ya chifu kuhimizwa na serikali. Desturi ya vita ilikuwa imevua nguo za jeshi na kuingia mashambani.

Maaskofu wawili wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkuu mmoja wa misheni ya Waskoti, waliandika kwamba yafaa kuwe na kanuni za kuwalinda watu ikiwa watalazimishwa. Weston alikataa kabisa. Kwake yeye, kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni utumwa, hata ukiwekewa kanuni nzuri. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuilaumu serikali ya taifa lake mwenyewe, naye alipokuwa London mwaka huo alilipigania shauri hilo kwa nguvu. Rafiki zake wengine walikasirika. Waliona ni aibu kwa Mwingereza, tena Meja mwenye nishani ya mfalme, kuiambia Uingereza maneno kama yale aliyowaambia Wadachi. Yeye aliona kwamba dhambi ni ile ile, na mizani ni ile ile.

Watu wengine wa maana nao walisema, na shauri likafika Bungeni. Mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, akaagiza kwamba maofisa wa serikali wasiwaandikie wenye mashamba vibarua. Uonevu haukwisha siku hiyo, lakini mlango mmoja ulifungwa.

8. Kufa kwake

Mwaka 1923 alikwenda tena London kuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Wakristo. Huko aliwaambia maelfu ya watu kwamba ibada yao kanisani haina maana ikiwa wanawaacha maskini wa mijini mwao wakiteseka. Kisha akarudi Afrika. Mwaka uliofuata, akiwa safarini kuwatazama watu wake, alishikwa na jipu likatia sumu katika damu yake. Akafa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba, 1924, umri wake miaka 53.

9. Yaliyobaki

Mwaka 1930, miaka sita baada ya kufa kwake, Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva lilipitisha mapatano ya kuikomesha kazi ya kulazimishwa. Ndani yake wapagazi walitajwa kwa namna ya peke yao. Iliagizwa kwamba kazi ya kulazimishwa kuchukua mizigo iondolewe upesi iwezekanavyo, na kabla ya kuondolewa mpagazi apimwe na mganga, na uzito wa mzigo na urefu wa safari viwekewe mpaka. Tena iliagizwa kwamba wawepo wakaguzi wa kuhakikisha kuwa sheria inafuatwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Sheria isiyo na mkaguzi ni kama mlango usio na komeo.

Majina pia yamebaki. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam, na Kariokor katika Nairobi, ulipata jina lake kwa hao wapagazi, maana kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Lakini wapagazi wenyewe, mmoja mmoja, majina yao hayakuandikwa penye makaburi. Mwezi wa Aprili, 2021, tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilitoa taarifa iliyochunguzwa upya. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo na Serikali ya Uingereza ziliomba radhi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 100.

Tukiyatazama haya yote twaona jambo moja. Jeshi haliwezi kuwa hakimu wa nafsi yake, hata likiwa na maofisa wema, maana kila amri yake yaelekea kwenye ushindi, na mtu mnyonge hukanyagwa njiani. Hapana budi awepo mtu asiyengoja cheo kutoka kwa jemadari, anayeijua lugha ya walio chini, na mwenye ruhusa ya kufungua ghala, kuonja unga, kupima mzigo, kuhesabu wagonjwa na kusema aliyoyaona. Tena aje wakati watu wangali hai. Askofu Weston aliwafanyia hivyo watu wa kikosi chake, na baada ya vita aliwasemea wengine. Wapagazi wa njia ya Mikese hawakupata mtu kama huyo. Mwenye kupita njia hiyo chini ya milima ya Uluguru na awakumbuke.

Maswali

1. Weston alijifunza nini Stratford na Unguja kabla ya vita?
2. Kwa nini jeshi lilitumia watu kuchukua mizigo badala ya wanyama na magari?
3. Mpagazi huchukua ratili 50 na kula ratili 2 kila siku. Akienda siku 8 na kurudi siku 8, atafikisha ratili ngapi?
4. Oscar Watkins aliwapenda wapagazi. Kwa nini hakuweza kuwaokoa?
5. Taarifa ya Pike na Balfour ilikuwa na uzuri gani, na upungufu gani?
6. Eleza tofauti ya barua ya Weston ya mwaka 1918 na kijitabu chake cha mwaka 1920. Ipi ilihitaji ujasiri zaidi, na kwa nini?